Ncha ya Kiatu na Tairi la Mbele

Mliponiomba niandike habari za kazi yangu, jambo la kwanza nililojiuliza ni mnataka nini hasa. Mtu akistaafu hupewa khanga, soda na hotuba, kisha anasahauliwa, haombwi kuandika. Nikadhani labda kuna spana imepotea karakana na mnataka nikiri kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mmenihakikishia kwamba sivyo, mnataka tu kujua mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vya mafundi. Haya, kwa leo nitawaamini.

Vyeo na mishahara sitaviandika, havikuwa vya kusisimua. Nitaandika kuhusu kushuku, kwa sababu ndicho kifaa nilichokitumia kuliko spana zote. Na nitaandika zaidi kuhusu baiskeli ya Atupele, kwa kuwa naona wengi wenu bado mnawachagulia watu wafupi baiskeli kwa kuangalia rangi na maandishi.

Nilianza Iringa mjini, kwenye duka la vipuri la baba yangu karibu na soko. Sisi asili yetu ni pwani. Babu alikuja na biashara ya vitambaa, akakutana na baridi, akabaki hata hivyo kwa sababu ambazo hakuwahi kuzieleza, na mimi mpaka leo nazishuku. Barazani pa duka alikaa Mzee Kalinga, fundi wa baiskeli, Mhehe mrefu asiyependa maneno mengi. Baba alinikabidhi kwake baada ya shule ili nisizurure.

Siku ya kwanza alinipa gurudumu lililopinda, akanionyesha namna ya kukaza spoki, akaondoka. Aliporudi nilikuwa nimeloa jasho pamoja na baridi yote ile.

"Limenyooka?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Nani amekuambia?"

"Naona mwenyewe."

"Wewe ndiye umelitengeneza, lazima uone limenyooka. Shika chaki hii, iweke karibu na rimu, lizungushe. Palipochoreka ndipo palipopinda."

Nililizungusha, na likachoreka kama ukuta wa darasa la kwanza. Nililia kidogo, yeye akajifanya anatafuta nati chini ya benchi. Tangu siku ile siamini macho ya fundi aliyemaliza kazi yake sasa hivi, hata kama fundi huyo ni mimi.

Baiskeli za wakati ule zilikuwa nyeusi, nzito, ndefu kama benchi la zahanati. Kati ya mguu wa mwendeshaji na gurudumu la mbele ungeweza kupitisha kuku, na sokoni nimeona kuku akipita kweli. Watu wote wa huku walijifunzia hizo, na kwa kuwa walibeba mizigo, waliweka katikati ya unyayo juu ya pedali ndipo wakanyage kwa nguvu. Hakuna aliyewafundisha, na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu ubaya haukuwepo. Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililokuja kutusumbua.

Niliolewa Mbeya, na kazi yangu nikahamia nayo. Miaka ikaenda kwa mabomba ya hewa na cheni zilizokatika, mpaka ikaja kampuni yetu hii ya kutembeza wageni kwa baiskeli, ikanichukua kuwa fundi mkuu. Ndipo nikakutana na baiskeli za changarawe. Mnazijua: usukani umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo, matairi mapana kuliko ya lami na membamba kuliko ya mlimani. Wageni huondoka nazo Mbeya, wanafuata njia za vumbi hadi Mafinga, wanazunguka mashamba ya chai ya Mufindi, wanamalizia Iringa wakiwa wekundu kwa jua na udongo. Kwangu zilikuwa baiskeli nzuri mno, na kitu kizuri mno hunifanya nivue miwani nikitazame tena.

Meneja wetu alikuwa Lusekelo. Mtu mwema, hanywi, hapigi kelele, lakini naye alikuwa mtu wa kushuku. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilishuku vyuma na yeye alishuku watu. Mgeni akichelewa, alimshuku kiongozi. Pancha ikitokea, alishuku kuna mtu alilala kazini.

Atupele alikuja kwetu kama kiongozi wa safari, mwanamke wa kwanza na wa pekee. Ni binti wa Tukuyu, aliyekua akishusha mikungu ya ndizi kwa baiskeli ya baba yake kwenye miteremko ambayo mimi ningeteremka kwa makalio. Mfupi, kichwa chake kinafika begani kwangu, na mimi mwenyewe si mnara. Kwa kasi hakuna kiongozi aliyemkamata, si mlimani wala bondeni. Wageni walimpenda kwa sababu alijua jina la kila ndege, na mengine nadhani aliyatunga.

Kisha akaanza kuanguka. Hakuanguka kwenye mteremko wala kwenye mawe, ambako mtu yeyote angemsamehe. Alianguka kwenye geti letu akigeuka kuingia, taratibu, mbele ya mlinzi. Akaanguka tena akizungusha baiskeli kuwapanga wageni. Mara ya tatu ilikuwa Igowole, huko Mufindi, kwenye kona ya kupanda inayojikunja kuelekea kwenye mashamba ya chai, wageni wakiwa nyuma yake na kibanda cha chai kimejaa watu. Walicheka mpaka mmoja akamwaga uji.

Mnajua mji wetu. Kabla hajapona goti, maneno yalikuwa yameshaenea. Wengine walisema anakunywa. Wengine walisema ana mimba na anaificha. Mpishi alisema kwa sauti ya chini, yaani kila mtu alisikia, kwamba kuna mkono wa mtu. Lusekelo alimwita ofisini, mlango ukiwa wazi.

"Atupele, safari kubwa inakuja. Nilitaka uiongoze wewe. Sasa siwezi kuweka mbele ya wageni mtu anayeanguka akiwa hatembei hata kasi ya mbuzi."

"Meneja, sijui kinachotokea. Ni kama kuna kitu kinanishika mguu."

"Kinakushika mguu." Lusekelo alimtazama machoni, akitafuta pombe. "Ukianguka tena mbele ya wageni, nakuweka ofisini upokee simu. Nafanya hivi kwa usalama wako."

Atupele alikuja karakana akakaa juu ya tairi bovu. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo. "Mama Zuhura, ofisini nitakufa. Mimi sijui kukaa. Na wakiniondoa mimi, hawataleta mwanamke mwingine, watasema tulijaribu."

Alisema kweli, na mimi niliogopa kwa ajili yake kama ningeogopa kwa mwanangu.

Kwa kuwa fremu, breki na foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, vyote nilishavikagua na vilikuwa sawa, nikahamia kwenye tabia ya meneja: nikashuku mtu. Festo, kijana wa Mafinga, kiongozi mwenzake, ndiye angepewa safari kubwa kama Atupele angeondolewa. Festo alikuwa mpole kupita kiasi. Salamu yake ya Kihehe, "kamwene", aliitoa hata kwa paka wa jirani. Nilianza kumtazama anapoingia, anapoegesha, anapoosha mikono, na kila alichofanya kilinipa sababu. Mtu akishashukiwa, hata kupiga chafya kwake kuna maana.

Asubuhi moja nilifika nikamkuta amechuchumaa mbele ya baiskeli ya Atupele, mkono kwenye gurudumu la mbele. Nilimshika ukosi.

"Unafanya nini hapo?"

Hakushtuka vya kutosha, na hilo likaniudhi zaidi. "Naangalia kazi yako, Mama."

"Kazi yangu?"

"Mama usikasirike. Nilikuwa nakushuku wewe. Nilisema huyu mama anazeeka, macho hayaoni, anafunga vibaya, halafu dada Atupele anaumia. Nikaja mapema niangalie kabla hujafika. Lakini hujafunga vibaya. Njoo uone hapa."

Niliachia ukosi wake kwa heshima iliyobaki. Kwenye ubavu wa tairi la mbele kulikuwa na mkwaruzo mweusi, uliong'arishwa na kitu laini. Haukuwa wa jiwe. Nikaenda kwenye rafu ya viatu, nikachukua raba za Atupele. Ncha ya raba ya kulia ilikuwa imelika mpaka kitambaa. Tulitazamana na Festo, watu wawili waliokuwa wanachunguzana mwezi mzima huku mwizi akiwa kiatu.

Atupele alipofika tulimpandisha baiskeli yake, Festo akiwa ameshika siti. Nikamwambia alete pedali moja mbele kabisa, kisha ageuze usukani taratibu kama anaingia getini. Gurudumu lilikuja likagonga ncha ya kiatu, usukani ukakwama, na baiskeli ikataka kulala palepale. Angekuwa barabarani, angelala nayo.

"Ndicho hicho!" akapiga kelele. "Ndicho kinachonishika!"

Naeleza kidogo kwa wale mnaopenda kupiga picha kuliko kusikiliza. Mtu mfupi hutengenezewa fremu fupi ili mikono ifike usukani. Lakini magurudumu hayafupishwi, yanabaki yaleyale ya mtu mrefu. Kwa hiyo gurudumu la mbele linasogea karibu na miguu. Ukienda kasi hugeuzi usukani sana, hugusi kitu. Ukienda polepole, kwenye geti, kwenye kona kali ya kupanda, unaugeuza sana huku ukikanyaga, na hapo mguu na tairi vinakutana. Ndiyo maana mtu huanguka mahali ambapo kila mtu amesimama kumtazama.

Nilipomweleza Lusekelo, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Imeandikwa ndogo hapo kwenye fremu. Ya mtu mfupi."

"Aliyeandika hakuwa amekaa juu yake."

"Mama Zuhura, tunatengeneza baiskeli au tunamfichia mtu udhaifu wake?"

Nikaokota spana yangu, maana ningejibu vibaya. Alikubali hata hivyo kumwita muuzaji alete nyingine za kujaribu. Muuzaji alikuja na gari lenye baiskeli tatu na manukato ya kutosha harusi. Mtu akinukia vile kwenye karakana, mimi naangalia mikono yake.

Ya kwanza aliiita ya wanawake. Ilikuwa na maua, na bomba la siti limekatwa chini. Akampandisha Atupele, akaweka pedali moja juu na moja chini, akageuza usukani kushoto na kulia kwa madaha. "Mnaona? Haigusi popote."

"Lete pedali mbele," nikasema.

"Mama, hivi ndivyo wataalamu wanavyopima."

"Lete mbele, mwanangu."

Nilipaka chaki kwenye ncha ya raba ya Atupele, tukageuza tena, na tairi likatoka na mstari mweupe. Kumbe wamekata siti tu, mbele ni ileile. Muuzaji alifuta mstari kwa leso yake haraka, kana kwamba ungemwambukiza. Mtu akikupimia na pedali juu na chini, ama hajui ama anajua sana, na vyote viwili si vizuri kwako.

Ya pili ilikuwa na maana. Umbali kutoka katikati ya mzunguko wa pedali hadi ekseli ya mbele ulikuwa mrefu, na ili mikono isinyooshwe, shingo ya usukani ilikuwa fupi. Foku ililala kidogo kwenda mbele, ikalisukuma gurudumu mbali. Chaki haikugusa. Lusekelo alifurahi, maana ilikuwa nyeusi na ya heshima. Muuzaji alikwisha kufungua mkoba. Mimi nami nikatabasamu, jambo ambalo mngelijua lingewatisha.

Atupele hakushuka. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Mama, mvua ya Mufindi mimi sivai raba," akasema. "Navaa gambuti. Na madigadi ya kukinga matope hujafunga."

 Tulikuwa tumepima kwenye saruji kavu ya Mbeya, kwa viatu vya kukimbilia, baiskeli ambayo ingeendeshwa kwenye matope kwa mabuti ya mvua. Tena nilikuwa nimemwekea mguu kama picha za wazungu zinavyoonyesha, vidole juu ya pedali, wakati yeye kama sisi wote huweka katikati ya unyayo, alivyojifunza akibeba ndizi, na ncha ya kiatu ikatokeza mbele zaidi. Nikafunga madigadi, akavaa gambuti, akaweka mguu wake kwa namna yake. Chaki ikachora madigadi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ikabaki ya tatu, iliyokuwa ndani ya gari muda wote. Muuzaji aliishusha kama mtu anayeonyesha ndugu asiyependeza. Magurudumu yake yalikuwa madogo, matairi manene, fremu ndefu mbele. Tukabadilisha mikono ya pedali tukaweka mifupi kidogo, ili mguu usifike mbali mbele. Madigadi yakafungwa, gambuti zikavaliwa, unyayo ukawekwa alivyozoea. Gurudumu lilipita mbele ya kiatu na nafasi ikabaki ya kupitisha kidole. Niliirudia kushoto, kulia, kwa kila mguu, na chaki haikuacha hata vumbi.

Nilidhani Atupele atafurahi. Alishuka, akaisogeza mbali naye.

"Hii ni ya mtoto."

"Ni ya kwako."

"Wageni watanicheka. Mnanipa kibaiskeli niwe kichekesho, ili Meneja aseme umeona? Nani amepanga hili?" Alimgeukia Festo. "Ni wewe?"

Festo aliishika ile baiskeli. Aliipanda yeye mwenyewe, magoti yakafika karibu na masikio, akazunguka uwanja mara moja mpaka mlinzi akashikilia geti kwa kicheko. Kisha akashuka. "Dada, mimi ndiye nimechekwa. Ukipanda wewe inakaa sawa. Angalia kwenye kioo cha gari."

Alijiangalia. Kisha aliichukua ile baiskeli akaiegesha mahali pake. Lusekelo aliinunua akiwa amekunja uso, akaniambia pembeni kwamba atakuwa ndani ya gari nyuma ya safari, na kwamba ataona kwa macho yake.

Basi safari kubwa ikaondoka, Atupele mbele, wageni nyuma yake, na nyuma kabisa gari letu, Lusekelo kwenye usukani na mimi pembeni na vipuri miguuni. Siku za kwanza zilikuwa kavu, na mimi sikufurahia hata moja. Nilisubiri. Kila geti la nyumba ya wageni nilishika mlango wa gari tayari kuruka. Lusekelo naye aliendesha akiwa ameinamia mbele, na nilijua tunasubiri kitu kimoja, ila yeye alikisubiri ili awe sahihi.

Tulipopita Mafinga, malori ya mbao yakitupiga matope, mvua ikaanza, ile nyembamba ya Mufindi isiyo na haraka ya kuisha. Atupele aliwasimamisha wote, akavaa gambuti. Tukaingia barabara ya Igowole udongo ukiwa mwekundu na laini kama sabuni ya kipande.

Kibanda cha chai kilikuwa palepale, na watu walewale, au wenye sura zilezile. Walimtambua. Mzee mmoja alisimama na kikombe chake aone vizuri, akasema kwa sauti ya kufika hadi garini, "Huyu ni yule wa siku ile! Njooni muone, anaanguka sasa hivi!"

"Funga kioo," nikamwambia Lusekelo.

"Acha wazi," akasema.

Atupele aliikabili kona. Kilima kilikuwa kikali, baiskeli ikaenda polepole mpaka karibu isimame, ikawa lazima ageuze usukani wote huku akikanyaga. Nilifumba macho. Mtu niliyekuwa nikidai maisha yangu yote kwamba naamini ninachokipima tu, nilifumba macho na kuomba dua ambayo sikuwa nimeikumbuka tangu msiba wa mama. Sikusikia kishindo. Nikasikia kengele yake, kisha nikafumbua.

Alikuwa amegeuka. Alikuwa ng'ambo ya kona, juu yetu, mgongo umenyooka ndani ya koti la mvua. Lakini hakuendelea. Aligeuza usukani tena, akashuka kwenye kona ileile, akazunguka, akapanda tena. Akafanya hivyo mbele ya kibanda, polepole kadiri baiskeli inavyoweza kwenda bila kulala, duara baada ya duara, gambuti zikipita kando ya gurudumu bila kuligusa. Wageni walisimama wakidhani ni sehemu ya ratiba, wakapiga makofi. Yule mzee alikaa, akanywa chai yake. Mimi nililia waziwazi, na sikujifanya natafuta nati.

Gari letu lilikuwa limezibiwa njia. Lusekelo alisubiri duara moja, la pili, akaangalia mawingu, akagonga vidole kwenye usukani. Uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, ila hakutaka nimwone.

"Mwambie inatosha," akasema mwishowe. "Tunachelewa Iringa."

"Mwambie wewe," nikamjibu. "Au tusubiri. Yeye ndiye kiongozi wa safari."

Lusekelo akazima gari, tukasubiri.